Mkono Mmoja Haulei Mwana, Hata Angani



Anayetoka kisiwani Mombasa kwenda uwanja wa ndege wa Moi huvuka Makupa, akaiacha bahari nyuma, akapanda Changamwe kati ya malori ya bandarini, kisha akakata kuelekea Port Reitz. Si mwendo mrefu, lakini kwa watu wetu una ada zake. Gari la msafiri haliendi peke yake. Hufuatwa na la pili, na mara nyingine la tatu, yote yamejaa shangazi, mama wadogo, binamu na majirani. Bibi hukaa mbele na tasbihi yake mkononi. Tukifika, tunasimama sote nje ya jengo, na mtoto mchanga anapita mikono kwa mikono. Anabusiwa, anasomewa, analia, anapokezwa mwingine, ananyamaza.

Kisha kuna mlango. Askari anaangalia tiketi na pasipoti, na asiyekuwa nazo hapiti. Kwa hatua moja tu, mama aliyekuwa amezungukwa na mikono ya ukoo mzima hubaki na mikono yake miwili: mmoja umempakata mchanga, wa pili umemshika wa miaka mitatu. Begi halina wa kulibeba, na pasipoti hazina pa kukaa. Wengi wa akina mama hao hawajapata kumlea mtoto peke yao hata kwa siku moja, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa nyumba nzima. Siku ya kwanza ya kumlea bila msaidizi huwa ndiyo siku ya kuruka naye angani.

Juma hili tumeona tuizungumze safari hiyo, kwa sababu imekuwa safari ya nyumba nyingi. Wapo wake wanaowafuata waume zao walioajiriwa Dubai, Doha au Maskati. Wapo waliorudi Pwani kujifungulia kwa mama zao, na arubaini ikishapita hutakiwa kurejea walikotoka. Wapo wajane, na wapo akina baba vilevile, ambao mama wa watoto ni mgonjwa au ametangulia mbele ya haki. Suala la mwanamke kusafiri bila ya mahram lina maneno ya wanazuoni, na kila nyumba ina shekhe wa kumuuliza. Sisi hapa tunasema na yule ambaye safari imekwisha kumlazimu, na pia tunasema na sisi wengine tutakaokuwa ndani ya ndege hiyo.

Jahazi na ndege

Njia ya kutoka Pwani yetu kwenda Arabuni ni kongwe. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Ghuba na Hadhramauti, na za kusi ziliyarudisha. Safari ilichukua majuma kadhaa, na haikuwa nyepesi. Bahari ilimeza watu wengi na maradhi yakaondoka na wengine, wala hatutamani irudi. Leo mwendo wa ndege kutoka Mombasa mpaka Dubai ni kama saa tano, na tangu Januari 2024 kuna ndege ya kwenda huko moja kwa moja bila kupitia Nairobi wala Addis Ababa. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini chombo cha baharini kilikuwa na jambo moja ambalo ndege haina. Watu waliokula sinia moja kwa siku nyingi walijuana kwa majina, na mtoto aliyelia usiku alikuwa mtoto wa chombo kizima. Ndani ya ndege tunakaa goti kwa goti na mtu, saa tano hadi nane, na pengine tusimpe hata salamu. Kila mmoja ametazama kioo chake. Mtoto akilia, kila mtu anasikia, na hakuna anayehisi kwamba jambo lile linamhusu.

Makaratasi kabla ya mabegi

Mama mwenye kujiandaa huanza na makaratasi. Kila mtoto, hata wa mwezi mmoja, anahitaji pasipoti yake mwenyewe na, pale inapotakiwa, viza yake mwenyewe.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Kwa mafundisho ya dini yetu, mwanamke akiolewa habadili jina. Hubaki na jina la baba yake. Mtoto naye huitwa kwa jina la baba yake. Matokeo yake, pasipoti ya mama na ya mwanawe huenda zisiwe na jina hata moja linalofanana. Sisi tunalijua hilo na halitushangazi, lakini afisa wa uhamiaji anaona mwanamke na mtoto ambao kwa karatasi hawahusiani, na kazi yake ni kuwakinga watoto wasiibwe. Kwa hiyo mama achukue cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na nakala ya cheti cha ndoa. Vilevile achukue barua ya ruhusa ya baba yenye sahihi iliyoshuhudiwa na wakili, na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya huyo baba. Baba anayesafiri na watoto bila mama yao afanye vivyo hivyo. Afadhali barua isiyoulizwa kuliko kuulizwa na huna.

Chanjo ya homa ya manjano hudaiwa na nchi nyingi kwa anayetoka kwetu. Kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kufaa siku ya 10 baada ya sindano. Kwa hiyo haifai kuikumbuka wiki ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hakidaiwi upya kila baada ya miaka 10 kama zamani. Kwa mtoto ambaye hajafika umri wa chanjo, ulizeni mapema kwa daktari na kwa ubalozi wa nchi mnayokwenda.

Katika tiketi, mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa, na kwa safari za nje hulipiwa kama sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, atahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Mtu mzima mmoja hapakati watoto wawili. Wa pili, hata akiwa pacha, hununuliwa kiti, na mashirika mengine hutaka awe na kiti maalumu cha kumfungia. Mwenye watoto wawili wa chini ya miaka 2 asilipe nauli kabla hajaambiwa na shirika masharti yake yote.

Kadhalika, waulizeni juu ya susu. Ndege nyingi kubwa zina vitanda vidogo vya watoto vinavyotundikwa kwenye ukuta wa mbele ya safu fulani za viti. Ni vichache, vina kikomo cha uzito ambacho mara nyingi ni kama kilo 10 au 11, na hupewa aliyeomba mapema.

Mzigo wa mwenzio

Hapa tuna neno na jamaa na majirani. Ada yetu ni kwamba mtu akisafiri, tunampa salamu zenye uzito. Huyu ana halua ya mwanawe, yule ana samaki mkavu, mwingine ana bahasha ya dawa, na yupo atakayekuja usiku wa mwisho na mfuko uliofungwa kwa gundi akisema hauna neno. Mama anayekwenda na watoto wawili bila msaidizi hana mkono wa kubebea mizigo yetu. Tumwonee imani.

Na liko kubwa kuliko uzito. Miraa na muguka, ambavyo kwetu huuzwa barabarani mchana, ni marufuku katika nchi za Ghuba, na adhabu yake ni jela. Baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi ambazo hapa watu huzichukulia wepesi, huko hudhibitiwa kwa sheria kali. Begi likipekuliwa, anayeulizwa ni aliyelibeba. Mama asichukue mfuko ambao hakuupanga mwenyewe, hata ukitoka kwa mkwewe. Na sisi tusimtie katika aibu ya kutukatalia. Akifungwa, watoto wake watakuwa katika nchi ya ugeni bila mama.

Angani

Ndani ya ndege hewa hubanwa ili watu wapate kupumua, lakini haiwi kama ya ufukweni. Huwa kama hewa ya mlimani, kimo cha kati ya mita 1,800 na 2,400, juu kuliko Nairobi. Mtoto wa Lamu au Kilifi ambaye hajapata kupanda hata Wundanyi huonja hali hiyo kwa mara ya kwanza. Ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, hewa huongezeka nguvu na kuusukuma utando wa sikio. Mtu mzima humeza mate au hupiga mwayo, na sikio likafunguka. Mtoto mchanga hajui kufanya hivyo, na kijia chake cha kati ya pua na sikio ni chembamba. Dawa yake ni kunyonya. Mama atunze nyonyesho moja, au chupa moja, kwa ajili ya wakati wa kushuka. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya siku ya safari. Maziwa na uji wa mtoto, kwa kawaida, havifungwi na ile kanuni ya mililita 100 katika ukaguzi. Mama avitoe mwenyewe na kuvionyesha.

Dawa za kumlaza mtoto kwa nguvu, zile za mzio ambazo watu hupeana vichochoroni, zisitumike bila ya neno la daktari. Zinaweza kumdhuru, na wako watoto ambao badala ya kuwalaza huwachachamaza.

Leso ni rafiki mkubwa wa safari hii. Kigari cha mtoto huchukuliwa mlangoni mwa ndege, na mara nyingine hurudishwa pamoja na mabegi makubwa, mwisho kabisa wa mwendo mrefu wa kutoka. Mwenye mbeleko atatembea na mikono yake miwili ikiwa huru. Ila wakati wa ndege kupaa na kutua, wahudumu watamtaka amfungue mtoto na kumpakata, na asimfunge ndani ya mkanda wake mwenyewe, kwa kuwa ndege ikistuka mwili wa mama utamkandamiza.

Kuna amri moja ya wahudumu ambayo moyo wa mzazi huikataa: barakoa ya oksijeni ikishuka, vaa yako kwanza, kisha mvishe mtoto. Sababu yake ni kwamba katika kimo kile, hewa ikitoka ghafla, mtu ana chini ya dakika moja ya akili timamu. Mama anayehangaika na mtoto anayefurukuta anaweza kuzimia kabla hajamaliza, na hapo wote wawili hawana wa kuwasaidia. Kujitanguliza hapo ndiyo njia ya kumwokoa mwana.

Katika sala, dini yetu imempa msafiri wepesi wa kufupisha na kukusanya, na viwanja vya Dubai, Doha na Maskati vina vyumba vya sala. Anayeona haya kusali na mtoto mkononi akumbuke kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alisali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Bi Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na aliposikia kilio cha mtoto alifupisha sala, kwa kumwonea huruma mama yake.

Baridi na joto

Asiyepata ndege ya moja kwa moja hupitia mji mwingine, na hapo mtoto wa Pwani hupata mtihani wa hewa. Uwanja wa Addis Ababa uko katika kimo cha zaidi ya mita 2,300. Nairobi mwezi wa Julai asubuhi si mahali pa fulana. Mama aliyemvisha mtoto kwa joto la Mombasa atamwona anatetemeka. Achukue sweta, soksi na kofia katika mkoba wa mkononi, si katika begi lililokwenda chini. Kisha akifika Ghuba katika miezi ile ile, joto la nje hupita nyuzi 40, wakati ndani ya majengo viyoyozi vinapuliza baridi. Nguo za tabaka tabaka, zinazovuliwa moja moja, ndizo zinazofaa.

Maskati ina faraja yake. Jengo jipya la abiria lililofunguliwa mwaka 2018 ni pana na tulivu, na si ajabu mtu kumwita mwanawe kwa Kiswahili akaitikiwa na mtu asiyemjua, kwa kuwa Waomani wengi wana asili au malezi ya Unguja na Pwani hii. Mama aliyechoka akisikia neno "pole" kutoka kwa mgeni, nusu ya uchovu humtoka.

Haki ya abiria mwenzetu

Sasa tuseme lile ambalo akina mama hulisema wao kwa wao na halifiki kwenye baraza za wanaume. Katika safari hii, shida iliyo kubwa kuliko zote ni choo. Mchanga amelala kifuani, mkubwa amelala pajani, na mlango wa choo ni mwembamba kwa mtu mmoja. Basi mama hufanya nini? Hanywi maji. Tangu asubuhi hajanywa, ili asihitaji kuinuka. Ananyonyesha huku hanywi, katika hewa kavu ya ndege, kwa saa tano, kwa saa nane, na akiunganisha safari kwa saa kumi na nne. Kichwa kinamuuma, maziwa yanapungua, mtoto analia kwa njaa, na watu wanageuka kumtazama. Na muda wote huo amezungukwa na watu zaidi ya mia moja, wengine wakiwa Waislamu wenzake, wengine wakiwa wametoka mtaa mmoja naye.

Tunaamini kwamba hapo kuna haki juu yetu, na haki hiyo ni nyepesi kutekelezwa. Dada au mama aliyekaa karibu asiulize, "Je, kuna lolote la kukusaidia?" Anayeulizwa hivyo hujibu "hapana, ahsante", kwa kuwa ameona haya. Amwambie: "Mwanangu, nipe mtoto nimshike hapa hapa unapotuona. Nenda chooni, unawe uso, unywe maji." Maneno hayo yana mwanzo na mwisho, na mama huyakubali. Mwanamume aliye karibu ainue begi kulipeleka juu, akunje kigari, ampishe katika mstari, abadilishane naye kiti ili akae kando ya mwanawe. Na asiyeweza lolote kati ya hayo, anaweza kutogeuka na kukunja uso mtoto anapolia.

Haki hiyo ina adabu zake. Mtoto hashikwi kabla ya mama yake kuridhia, wala hapewi peremende kwa siri. Hapigwi picha. Kuinua begi mbele ya mwenyewe ni wema, lakini kumvushia mtu usiyemjua begi lake forodhani ni jambo jingine, na hilo tumekwisha kulionya. Naye mama, asione kuomba kuwa ni udhaifu. Amwambie mhudumu wa ndege mara tu anapoingia: "Niko peke yangu na watoto hawa wawili, nitahitaji mtu wa kunishikia nikitaka kwenda chooni." Anayejua mapema hujipanga.

Tunamjua mama aliyeachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea wala kisima. Bi Hajar hakuwa na jirani wa kumwambia "nipe nikushikie". Alimlaza Ismail chini, akapanda Safa, akaenda Marwa, mara saba, akitafuta maji huku macho yake yakimrudia mwanawe. Mwenyezi Mungu akawatolea Zamzam. Mbio zile za mama mmoja zikafanywa ibada, na kila aendaye Hija au Umra, mfalme na maskini, mwanamume na mwanamke, hutembea alipotembea yeye. Umma uliofundishwa kuzifuata nyayo za Bi Hajar haufai kumtazama mama mwenye mtoto akihangaika katika njia ya ndege, kisha ukarudisha macho kwenye kioo.

Kwa hiyo sisi tunaobaki nje ya mlango tumpunguzie msafiri wetu mizigo, tumkamilishie makaratasi, tumvishie watoto sweta. Na sisi tunaoingia naye tuwe ndio shangazi na mama wadogo aliowaacha nje. Tumefunzwa kwamba dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazotarajiwa kukubaliwa. Huenda mama aliyekunywa maji yake kwa amani, kwa sababu wewe ulimshikia mwanawe kwa dakika tano, akakutaja katika dua yake kabla ndege haijatua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awafikishe kwa salama, na awarejeshe kwa wanaowangojea. Amin.